Magunia Juu ya Miche ya Hilda

Jumatano, 16 Oktoba

Hilda kaniagiza niandike siku za kuwasha taa, basi. "Usiandike hadithi, Baba." Anavyonijua! Lakini mimi ni fundi wa mitambo ya kuchuja maji, na nusu ya kazi yangu ni kukaa nikisubiri tangi lijae. Mtu wa kusubiri tangi asipopata wa kuongea naye, ataandika.

Haya. Leo taa imewashwa mara ya kwanza, jua lilipokwisha kuzama. Ni taa ileile tunayofunga kwenye mitambo ya maji kuua vijidudu. Ina miale ya urujuanimno, neno ambalo Hilda hulitamka kama mtu anayesema "uji". Nimeitundika kwenye banda la mabati nyuma ya karakana yangu hapa Chang'ombe, Dodoma, juu ya miche yake ya zabibu. Miche imeshikwa na ubwiri unga, ule ukungu mweupe unaokaa juu ya jani kama mtu kapuliza unga wa sembe. Dawa ya salfa iliunguza majani kwa joto hili, ndipo Hilda akakumbuka walichofundishwa chuoni: taa ikipita gizani, ukungu unakufa.

Miche ndiyo kila kitu kwake mwaka huu. Kikundi chao cha wakulima wa zabibu kimemgawia ekari moja huko Mpunguzi, kwa sharti kwamba apande mvua za kwanza zikinyesha. Asipopanda, shamba linakwenda kwa anayefuata.

Hilda ana ualbino. Kwetu jua tunaliheshimu kama mkwe: tunaliamkia kwa mbali na hatukai nalo. Anatoka nyumbani kwetu mtaa wa Kikuyu kabla halijachomoza, anauza pembejeo dukani mjini, anapita hapa karakana likishazama. Ana miaka ishirini na minne sasa, yote ya kulikwepa jua. Kwa hiyo taa nimemkataza kabisa. Yeye anasimama nje nyuma ya ukuta wa tofali, mimi ndiye ninayebonyeza swichi.

"Baba, sikiliza vizuri. Taa ikizimika, iache miche gizani usiku kucha. Asubuhi itoe barazani ipate mwanga. Umesikia? Mwanga."

"Nimesikia, mwalimu."

Ana kidonda kidogo juu ya sikio la kushoto, mahali ambapo kofia hupandapanda. Punje ya mtama hivi. Anasema alijikwaruza na chanuo.

Alhamisi, 17 Oktoba

Asubuhi nimetoa miche barazani kama nilivyoagizwa. Saa nne jua la Dodoma likavaa buti zake. Majani yakalegea, moyo wangu nao ukalegea. Jana usiku tumeyapiga kwa jua la kwenye kioo, leo tuyapige kwa la mbinguni? Mtoto aliyeungua humrudishi uwanjani kesho yake. Nimerudisha yote bandani, nimefunga mlango na madirisha, nimeifunika kwa magunia yaliyolowekwa. Jua lilipolainika alasiri nikafunua.

Hilda hakuniambia hili la magunia. Nimeongeza la kwangu, kama fundi yeyote mwenye uzoefu.

Ijumaa, 18 Oktoba

Taa, jioni. Magunia, asubuhi hadi alasiri.

Jumatatu, 21 Oktoba

Taa. Upepo wa vumbi mchana kutwa. Nurdini, fundi cherehani wa mlango wa pili, kanichungulia nikibeba magunia.

"Mbukwenyi, fundi maji!" Kigogo chake kinaishia kwenye salamu hiyo, na hiyo yenyewe huitamka kama anayeita mbuzi. "Unawalaza watoto mapema hivi? Hata chai hawajanywa."

"Shona suruali zako, Nurdini."

"Nashona. Lakini mimi nikifunika kitambaa changu kisione mwanga, ni kwa sababu nimekosea rangi."

Mdomo wa huyu mtu ungekuwa na pedali angeshona nchi nzima. Ila kofia za Hilda, zile za ukingo mpana, ni yeye anayezishona tangu mtoto yuko chekechea, kwa hiyo namvumilia.

Ijumaa, 25 Oktoba

Taa. Ukungu umepungua, kweli kabisa, majani yamepata uso. Lakini pembeni yanajikunja na kuwa kahawia. Hilda kayamulika kwa simu, moja moja.

"Labda taa ni kali mno," akasema. "Tupunguze muda."

"Tupunguze," nikasema. Nani anabishana na daktari wa zabibu?

Nyumbani mama yake kamuuliza habari ya sikio. Emilia hana maneno mengi. Akiuliza jambo mara moja ujue amelala nalo wiki nzima.

"Litapona, Mama."

"Nenda kliniki ya ngozi wakaliangalie."

"Miche ikisimama, nakwenda. Wiki mbili tu. Nikiiacha sasa ubwiri unarudi."

Emilia akakusanya sahani. Nilidhani mambo yamekwisha.

Jumatano, 30 Oktoba

Taa. Joto. Hakuna wingu hata la kusingizia.

Ijumaa, 1 Novemba

Taa. Kwa sababu tulipunguza muda, ukungu umerudi kwenye safu ya ukutani. Na majani bado yanaungua! Yanakuwa membamba kama karatasi ya sigara, ukishika yanavunjika. Hilda kasema turudishe muda wa zamani. Hapo nimeona niongeze nguvu upande wangu: magunia mawili mawili, na ule upenyo wa juu ya mlango nimeuziba kwa kadibodi.

Jumapili, 3 Novemba

Baada ya ibada nilipita karakana kuangalia miche. Giza zuri, ubaridi mzuri. Nilikaa humo kidogo na nikajisikia kama niko kwenye chumba alimozaliwa Hilda. Mama yangu aliziba dirisha lile kwa khanga tatu, na kwa miezi mitatu tukamjua mtoto wetu kwa kumpapasa.

Jumanne, 5 Novemba

Kidonda kiko palepale.

Ijumaa, 8 Novemba

Taa. Miche kumi na kitu imekufa. Imekauka ikiwa imesimama, kama watu walioambiwa wasubiri wakasahauliwa.

Hilda anajilaumu. Anakaa mezani usiku na mahesabu yake ya dakika na umbali wa taa, anafuta, anaandika, na akiwaza anashika sikio. Nimemwambia aache kulishika. Kanitazama.

"Baba, tuseme nikienda wakanilaza? Miche utaiweza?"

"Kwani nafanya nini kila siku?"

"Inakufa, Baba."

Nikasema, "Basi subiri isimame kwanza, ndipo uende na moyo mweupe."

Mimi ndiye niliyesema hivyo. Naandika ili nisije nikamsingizia mtu mwingine.

Jumapili, 10 Novemba

Emilia kaniita chumbani kwa Hilda, Hilda akiwa bado kanisani kwenye kwaya. Kanionyesha foronya. Doa la damu, kubwa kama sarafu, na chini yake doa jingine lililokwisha kufuliwa.

"Nafua haya tangu mwezi wa tisa," akasema.

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Wewe ulikuwa unaongea."

Kisha akanikumbusha Yasinta. Sikuhitaji kukumbushwa. Yasinta alisoma na Hilda bweni moja, ngozi yao moja. Wakitembea pamoja walimu walikuwa wanawaita Jumamosi na Jumapili. Kidonda cha kwake kilianza puani. Yeye naye alikuwa anasubiri kitu, nadhani mitihani. Tumemzika Mei mwaka jana, na Hilda ndiye aliyeshika picha mbele ya jeneza.

Nimekaa na mke huyu miaka ishirini na sita nikidhani ni mtu wa kupuuzia mambo. Kumbe nyumba hii ina mtu mmoja anayeona, na mwingine anayesimulia.

Jumatatu, 11 Novemba

Taa. Nimemwomba Hilda aende kesho. Kasema Jumatatu ijayo. Mawingu yametokea upande wa Bahi, yakatawanyika.

Jumatano, 13 Novemba

Taa. Miche mingine imekufa, sikuhesabu. Nimeongeza magunia.

Ijumaa, 15 Novemba

Leo sijui nianzie wapi.

Saa sita mchana nilikuwa karakana, nimelala chini ya mtambo wa hosteli moja ulioletwa kutengenezwa, spana mkononi, nikasikia Nurdini anaita mlangoni mwangu kwa sauti isiyo ya mzaha. Nikatoka. Hilda alikuwa anavuka barabara, mchana kweupe, mwavuli mweusi, kofia, mikono mirefu, glavu, na uso umepakwa mafuta ya kuzuia jua hadi kuwa kama ukuta uliopigwa chokaa. Sijawahi kumwona mwanangu saa sita barabarani. Nilimkimbilia kana kwamba nyumba inaungua.

"Una nini? Nani kafa?"

"Shikamoo, Baba. Nataka kuona banda."

"Sasa hivi? Rudi ndani, mwanangu, jua hili..."

"Fungua banda, Baba."

Nikafungua. Akasimama kwenye giza, macho yake yakitafuta. Akainua gunia, akainua la pili chini yake. Miche ilikuwa imelala kama nywele zilizolowa.

"Nani kafunika?"

"Mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Asubuhi hadi alasiri. Ili ipumzike."

Nilitegemea afoke. Alikaa juu ya ndoo, akavua glavu moja taratibu, akacheka kidogo, cheko la mtu aliyekuwa anatafuta miwani akaikuta kichwani.

"Nurdini kaniambia jana jioni nilipochukua kofia," akasema. "Kasema, baba yako analea zabibu kama alivyokulea wewe. Alidhani ananichekesha."

Kisha akanieleza, na nitaandika alivyosema kwa sababu kwa mara ya kwanza nilisikiliza bila kuandaa jibu.

"Taa ile inakata nyuzi ndani ya jani, Baba. Ndani kabisa, kwenye maandishi yanayoliambia jani liwe jani. Jua nalo linakata hivyohivyo kila siku. Lakini jani lina fundi wake wa kuunga. Huyo fundi hafanyi kazi gizani. Anaamshwa na mwanga, huu wa kawaida tunaoonea, hasa ule wa bluu. Ukimpa mwanga anaunga yaliyokatika. Ukimnyima, anakaa na zana zake mkononi."

"Na ukungu?"

"Ukungu nao una fundi wa namna hiyo. Ndiyo maana tunaupiga giza likiingia, ukae usiku kucha bila msaada. Jani ni nene na lina akiba, linavumilia hadi asubuhi. Mimi nilitegemea asubuhi." Akainua jani lililolegea. "Na si kuunga tu. Mwanga ndio unaolifundisha jani kutengeneza mafuta yake lenyewe ya kuzuia miale. Jani lililokaa gizani linatoka uchi."

"Kwa hiyo mimi..."

"Ulikuwa unawanyima asubuhi. Kila siku."

Nilitazama yale magunia. Niliyaloweka kwa mikono yangu, niliyapanga kwa upendo, naapa, jinsi mama yangu alivyopanga zile khanga tatu. Kisha nikauliza swali ambalo halikuwa la zabibu.

"Na wewe? Una fundi huyo?"

Akatikisa kichwa. "Binadamu hana. Si mimi tu, hata wewe. Tuna mafundi wengine, wa polepole, mwanga hauwasaidii kitu. Wewe rangi yako inakukinga kabla hawajazidiwa. Mimi ninyi mlinifunika, na mlifanya sawa, Baba. Kwangu ilikuwa sawa."

Mwanga wa mlangoni ulikuwa unampiga ubavuni, na hapo nikaliona sikio. Sikuwahi kuliona mchana. Mimi humwona mwanangu kwa taa ya sebuleni na kwa tochi ya simu. Ile punje ya mtama ilikuwa harage sasa, kingo zimeinuka, katikati kumechimbika. Wiki mbili alizoahidi mwezi wa kumi zilikuwa zimekuwa tatu, na ni mimi niliyezivuta moja moja kwa magunia.

"Jumatatu unakwenda," nikasema.

"Miche..."

"Jumatatu, Hilda. Miche nitaipa mwanga. Nitaikodolea macho."

Nurdini alileta chai mwenyewe, vikombe vitatu, akakaa mlangoni. Nilikuwa na hasira naye mpaka nilipoona amekaa upande unaoingia jua, mgongo wake umemtilia Hilda kivuli.

Jumamosi, 16 Novemba

Miche barazani chini ya wavu mwembamba, tangu jua linachomoza. Hilda kasema tuanze na mwanga laini kwanza, kisha tuongeze, maana imetoka gizani. Taa tunaipumzisha wiki moja. Nimechoma kadibodi.

Jumatatu, 18 Novemba

Kliniki. Emilia kaenda naye, mimi kwa kusubiri nimezunguka jengo mpaka mlinzi kaniuliza kama nauza kitu. Wamekata kipande kidogo wakapime. Daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, kauliza kimeanza lini. Hilda kasema Agosti. Agosti! Daktari kaandika, hakuinua uso.

Jumatano, 20 Novemba

Mwanga.

Jumamosi, 23 Novemba

Mwanga. Mche mmoja umetoa chipukizi. Nilimpigia Hilda dukani nikimtangazia kama mtu aliyepata mjukuu.

Jumatatu, 25 Novemba

Taa jioni, muda uleule wa kwanza. Asubuhi mwanga. Majani hayakujikunja.

Ijumaa, 29 Novemba

Taa. Mwanga. Ukungu umekwisha, majani mapya yanameremeta. Muda wa taa haukuwa na kosa tangu siku ya kwanza. Kila jani zuri ninaloliona linanichoma. Nilidhani nitafurahi.

Jumatano, 4 Desemba

Majibu. Ni saratani.

Daktari kasema ya aina hii ikiwahiwa hukatwa ikaisha. Nikauliza tumewahi? Kasema tungekuja mapema ingekuwa kukwangua tu. Sasa ataondoa sehemu ya juu ya sikio, na chini ya taya kuna tezi haipendi. Alitamka "siipendi" kama mtu anayezungumzia mgeni aliyekaa sana.

Tukapanda gari kurudi nyumbani. Hilda ndiye aliyeongea kwanza.

"Mwambie Nurdini kofia zijazo azibane upande wa kushoto. Hazitakuwa na pa kushika."

Emilia alicheka kwanza, kisha akageukia dirishani.

Jumatatu, 9 Desemba

Mvua. Imeanza saa tisa alasiri kwa kishindo, mabati ya banda yakawa ngoma. Chang'ombe nzima watu wamesimama vibarazani wakinusa udongo. Hilda amelazwa tangu asubuhi. Mwenyekiti wa kikundi kapiga simu: wiki hii kupanda, asiyepanda anapisha.

Alhamisi, 12 Desemba

Wamemkata leo. Imechukua muda mrefu kuliko walivyosema. Tezi nayo wameitoa, imepelekwa kupimwa kama saratani imefika humo.

Jumamosi, 14 Desemba

Tumepanda Mpunguzi, mimi, Nurdini, na watu wawili wa kikundi. Nurdini kashona maisha yake yote na hajawahi kushika jembe. Kapanda safu yake ikiwa imenyooka kuliko zetu, akatutangazia hivyo mpaka jioni.

Baada ya mvua anga lilioshwa, jua likatoka kali, safi, bila hata vumbi la kulichuja. Miche ilisimama peke yake kwenye udongo mwekundu, haina wavu, haina paa. Nilikuwa na gunia moja nimelitumia kukalia garini. Nilijikuta nimelishika, nimesimama juu ya mche wa kwanza.

Nikampigia simu. Sauti yake ilikuwa nzito ya dawa.

"Majani yana rangi gani, Baba?"

"Kijani. Lakini pembeni yanaanza wekundu. Yanaungua?"

"Wekundu wa kung'aa au kahawia ya kukauka?"

Nikainama. "Wa kung'aa."

"Hayo ndiyo mafuta yao. Wanajipaka wenyewe." Akapumua. "Usifunike, Baba."

"Sifuniki."

"Umeshika nini?"

"Sijashika kitu."

"Baba."

Nikalitupa gunia, nikamwambia nimelitupa. Nikamuuliza sikio linauma? Kasema hospitali inammwagia mwanga wa taa nyeupe usiku na mchana, hata kulala hawezi, na kwamba kama angekuwa mzabibu sasa hivi angekuwa amepona. Alisema kwa utani. Nilicheka kwa sababu alitaka nicheke.

Alhamisi, 19 Desemba

Ametoka. Bandeji kubwa, kofia imekaa upande. Majibu ya tezi Ijumaa ya wiki ijayo, baada ya Krismasi.

Jumapili, 22 Desemba

Mwenyekiti kasema shamba la Hilda limeshika, ekari ni yake. Nilimletea jani moja la juu, jekundu pembeni. Kaliweka kwenye glasi ya maji karibu na kitanda. Emilia kabadilisha foronya, ilikuwa safi. Kanionyesha pande zote mbili.

Alhamisi, 26 Desemba

Hilda kaamka kabla ya jua, kama kawaida, ingawa hana pa kwenda. Nilimkuta uani kwenye kiti, uso ameuelekeza mashariki ambako kulikuwa kunaanza kupauka, ule mwanga wa bluu unaotangulia jua lenyewe.

"Huu hauna ubaya," akasema kabla sijafungua mdomo. "Huu tunaweza kukaa nao."

Nikavuta kiti. Tulikaa. Nilisimulia mambo ya Nurdini na jembe lake, akacheka mpaka akashika bandeji. Kisha ukingo wa jua ukajitokeza juu ya bati la jirani, na nikasimama, nikaenda kuleta mwavuli. Niliporudi alikuwa bado hajaingia ndani. Nikaufungua juu yake, nikabaki nimeushika, hakuna aliyeniambia niuondoe, na kesho ni Ijumaa ya majibu.